Nati za Lugano

Sababu ya safari ilikuwa simu ya binamu yangu Gwamaka. "Kaka, njoo na spana," alisema, kana kwamba Dodoma ndiko spana zinakochimbwa. Pikapu ya zamani ya marehemu baba yake, Lugano, ilikuwa imelala bandani muda mrefu, na breki zilikuwa zimeshika gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Kuzifikia breki ni lazima gurudumu litoke, na nati za gurudumu zilikuwa zimegoma. Jumatatu madaktari wa macho walikuwa wanafika hospitalini Tukuyu kwa siku moja tu, na shangazi Atupele, mama yake Gwamaka, alikuwa amepangiwa kufanyiwa upasuaji. Ana mtoto wa jicho pande zote mbili. Pikipiki hapandi tena tangu moja imtupe mtaroni, na masika haya hakuna teksi ya mjini inayokubali kushuka kwao. Ilikuwa pikapu ile, au aendelee kupapasa kuta mpaka madaktari watakapojisikia kurudi.

Mimi ni mtu wa ofisini. Nina gari dogo ambalo fundi hulifungua nikiwa nimekaa kivulini na soda. Kwa sifa hizo nilijiona ndiye hasa anayehitajika. Nikanunua seti ya spana kwenye boksi jekundu, zinang'aa kama vijiko vya wageni, nikawaaga wenzangu kazini kwa sauti ya mtu anayekwenda kukomboa nchi.

Mbeya nililala, asubuhi ya Ijumaa nikashika njia ya Tukuyu. Kiwira tuliikuta na mvua, Kyimo tukaikuta na mvua nyingine kubwa zaidi, na kina mama wauza ndizi wamejifunika nailoni kando ya mikungu yao. Jirani yangu kwenye gari aliniuliza boksi lina nini. Nikamjibu kwa unyenyekevu kwamba ni vifaa vya ufundi. Akaviangalia viganja vyangu, kisha akageukia dirishani.

Kutoka Tukuyu hadi Ikuti, kijijini kwa shangazi, nilikwenda kwa bodaboda, boksi mapajani, tope mdomoni. Mara mbili dereva aliniomba nishuke nitembee ili pikipiki ipumzike. Boksi nalo nilibeba, maana pikipiki ilikuwa imechoka.

Shangazi alikuwa amekaa mlangoni mwa jiko. Aliponisikia nikibisha hodi aliinuka, akanyoosha mikono hewani upande ambao sikuwepo.

"Ugonile, mwanangu. Sogea nikuone."

Alinipapasa uso, mabega, halafu tumbo. "Umenenepa," akasema. Macho hayaoni, lakini hilo halikumpita.

"Na hilo gali litatembea?"

"Litatembea, shangazi."

Niliahidi hivyo kabla hata sijaliona. Ahadi ya mwenye boksi jekundu.

Bandani Gwamaka alinionyesha gurudumu kwa heshima zote. Kwanza alifuta matope kwenye ncha za zile skrubu zinazoshika nati, akaniambia nisome. Kila moja ilikuwa na herufi L.

"Baba huyo," akasema. "Aliziwekea alama zote, mtu asije akaiba nati akasema ni zake. L, Lugano."

Tukazunguka upande wa kulia. Huko zilikuwa na R.

"Na hii?"

"Rungwe. Kushoto jina lake, kulia kwao."

Niliguswa, siwafichi. Nikapiga picha. Nilimwona mjomba Lugano amechuchumaa na tindo yake, anaandika jina lake kwenye chuma kwa subira. Mimi ninayeandika taarifa za Kiingereza kwa mshahara nilisimama pale, nikatikisa kichwa na kusema, "Wazee walikuwa na akili."

Jumamosi asubuhi tulianza kazi, na ilibidi iishe siku hiyohiyo, maana Jumapili kwa shangazi hakishikwi hata kisu cha mchicha. Gwamaka, kwa Kinyakyusa, ni mtu wa nguvu, na binamu yangu amelichukulia jina lake kama agizo. Tulivalisha spana kwenye nati, tukachomeka bomba refu kwenye mpini, tukalivuta. Nati haikutikisika. Tukaongeza jirani mmoja, naye akavuta. Kisha zikaanza hekima za majirani. Mmoja akasema tumwagie mafuta ya taa, mwingine oili chafu, wa tatu akaleta parachichi lililoiva akidai lina mafuta kuliko vyote. Tulipaka vyote. Harufu yake sina haja ya kuieleza, ila kuku walikuja kuangalia.

Kufikia mchana, spana yangu mpya ilikuwa imepanuka mdomo. Gwamaka akachukua ya kwake, kubwa kidogo kuliko nati, akaijazia kipande cha bati na kuvuta kwa jina lake lote. Spana ikateleza, naye akaenda kukaa kwenye ndoo ya oili. Tulipotazama, nati moja ilikuwa imelika pembe zote sita, mviringo kama kete ya bao.

Shangazi aliuliza kutoka jikoni, "Imetoka?"

Nilisikia aibu ambayo haikuwa ya utani. Mama huyu alikuwa ameshafua gauni la kuendea hospitali, limeanikwa kwenye kamba, na sisi tulikuwa tunapaka gari parachichi.

Nikaenda nyuma ya choo, mahali pekee penye mtandao, nikatafuta msaada kwenye simu. Nilirudi na ushauri mmoja: nati iliyoshikwa na kutu ikaze kidogo kwanza, ili kutu ivunjike, ndipo uifungue.

"Kaka," Gwamaka akasema, "tangu asubuhi tunafungua, wewe umetoka chooni unataka kukaza?"

"Kidogo tu."

Tukageuza bomba upande wa pili, tukakaza kidogo. Nati ikalia, ikazunguka. Tukakaza tena, ikazunguka zaidi. Tulidhani tumekata skrubu, mpaka tulipoona nati inatoka nje yenyewe, taratibu, kana kwamba hakuna ugomvi wowote uliowahi kutokea.

Tukatazamana. Mimi nikaitazama ile herufi. Nati za upande wa kushoto za gari lile zilichongwa kinyume ili zisilegee gari likiwa mwendoni, na aliyezitengeneza alikuwa muungwana, akaandika L ya Kiingereza, yaani kushoto. R ni kulia. Tangu asubuhi watu wazima watatu tulikuwa tunazikaza. Hakuna nati Rungwe nzima zilizowahi kukazwa vizuri namna ile.

Nilimnong'oneza Gwamaka. Akaliweka bomba chini.

Shangazi alikuwa amesikia mlio. Alikuja akipapasa ukuta, akainama, kidole chake kikatafuta ncha ya skrubu na kutulia juu ya herufi.

"Ni Lugano huyo," akasema. "Amewaachia."

Gwamaka alifungua mdomo amweleze ukweli. Nikamkanyaga mguu.

Zilizobaki zilitoka kwa kukazwa, moja baada ya nyingine. Ile iliyolika tuliikwangua kwa tupa, tukaigongelea spana ya kikombe iliyo ndogo kuliko saizi yake mpaka ikang'ata, nayo ikafuata wenzake. Breki zililegezwa na gurudumu likarudi kabla ya giza. Jumapili tulikwenda kanisani tukinuka parachichi.

Jumatatu tulipanda hadi Tukuyu, shangazi katikati yetu na gauni lake. Kesho yake wauguzi walimfungua bandeji ya jicho moja, lile lililofanyiwa upasuaji. Alimtazama Gwamaka, akanitazama mimi, akasema kweli nimenenepa.

Tuliporudi Ikuti hakuingia ndani. Alichuchumaa kwenye gurudumu la kushoto, akatazama kwa muda mrefu, halafu akazunguka kulia na kutazama R.

"Kwenye balua zake mwandiko wake ulikuwa mbaya sana," akasema. "Lakini hapa alitulia."

Gwamaka alikuwa anachunguza paa la banda, ambalo halikuwa na tatizo lolote.

Nimerudi Dodoma na boksi la spana zilizopanuka midomo, na nimejifunza mambo mawili. La kwanza, kwenye baadhi ya magari ya zamani, nati ya kushoto hufunguka kwa kukazwa. La pili, L ni Lugano. Mwenye Kiingereza chake cha kubishana aende Ikuti akamweleze shangazi mwenyewe. Asihofu kupotea njia, maana siku hizi shangazi atamwona tangu akiwa mbali.