Mama Mnara na Kiwanja cha Mkwe

Jina hilo alipewa na wauza mboga wa njia panda, na yeye hakulitaka. Kila akipita kwenda kununua uzi, hakosekani mmoja wa kumwita: "Mama Mnara! Mtandao umepotea tena. Uachie basi, nina mteja kwenye simu!" Naye hujibu bila kugeuka kwamba yeye ni fundi cherehani, mtandao hashoni. Zamani alijibu huku akicheka.

Anashona sare za shule. Cherehani yake ya miguu iko barazani, na mguu mmoja wa meza umewekewa kipande cha kigae usiyumbe. Mbele ya baraza kuna ua wa michongoma, na ng'ambo ya ua kuna kiwanja kirefu, chembamba, kisicho na kitu ila msingi wa nyumba iliyoishia hapo. Kiwanja kikiisha, shule inaanza: ukuta wake wa kwanza ni wa darasa la kwanza. Sketi anazozipinda asubuhi huziona zikikimbia huko baada ya wiki, tayari zimefumuka.

Mwenye kiwanja ni mkwe wake, fundi friji, mume wa binti yake wa pekee. Msingi ule ni wake. Ujenzi ulipomshinda, kampuni ya simu ikaja kukodi sehemu ya kusimamisha mnara, ikachagua pembe ya upande wa shule kwa sababu lori linafika huko kwa urahisi.

Akina mama waliokuja barazani kupimia watoto sare walikuja pia na manung'uniko. Walipoona yamekuwa mengi, wakaunda kamati, na fundi akawa mwenyekiti wake. Hakugombea. Mwenye baraza na viti alikuwa yeye.

Tangu hapo amesimama katika ofisi ya mtaa, katika ofisi ya wilaya, na mara moja juu ya kreti la soda sokoni. Mhandisi wa kampuni, kijana mpole mwenye viatu visivyofaa kwa matope, alieleza kila mara kwamba mionzi ya mnara iko chini ya kiwango kinachoruhusiwa. Fundi hakubishana naye.

"Mwanangu, mionzi siijui," alimwambia. "Najua jenereta litanguruma nyuma ya ukuta ambako watoto wanafundishwa kusoma. Na najua hamkutuuliza."

Wajumbe walipungua. Mmoja alihama, mwingine alichoka, wa tatu alinunua simu mpya na kuanza kuulizia mnara utawashwa lini. Fundi naye alichoka, ila mwenyekiti hana pa kupeleka uchovu wake. Alikuwa akirudi kutoka vikaoni anakuta mashati hayana kola, anakaa, anakanyaga.

Katika maneno yote hayo hakuwahi kumtaja mkwe wake. Alisema "mwenye kiwanja", na kila mtu akajua. Nyumbani hata hilo hakulisema. Kila Jumapili mkwe alifika na mkewe na mtoto wao, akakaa kwenye ncha ya kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Friji zinaharibika?"

"Zinaharibika, mama, tunashukuru."

Wakanywa chai, wakazungumzia mvua. Mama mkwe anayeingilia mali ya mkwewe huambiwa anatawala nyumba ya binti yake, na fundi alishawashonea wanawake wa kutosha kujua hadithi hizo zinaishia wapi. Alijaribu kupitia kwa binti.

"Mwambie mwenzio kuhusu ule mnara."

"Mama, usiniweke katikati. Mimi ndiye ninayelala huko."

Kikao cha mwisho kilifanyika ndani ya darasa la kwanza lenyewe. Watu wazima walikaa kwenye madawati ya watoto, magoti yakagusa videvu. Ofisa wa wilaya alisema ataamua siku hiyohiyo, kisha akamuuliza mwenye kiwanja kama majirani zake wanakubali.

Mkwe alisimama. "Jirani yangu wa kwanza ni mama mkwe. Naenda kwake kila Jumapili, na hajaniambia hata siku moja kwamba hataki. Nikaona haya ya kamati ni ya watu, yeye wamemtanguliza tu kwa ajili ya baraza lake. Angekuwa hataki, angenikanya."

Hakuwa anakejeli. Alisema kama mtu anayemtetea mzazi wake.

"Kumbe!" sauti ikatoka nyuma. "Mama Mnara Jumatatu anatupigia kelele, Jumapili anaumiminia mnara chai!"

Darasa likacheka. Fundi alibaki ametazama ubao. Alikuwa ameusema mnara kwa kila mtu isipokuwa yule mmoja aliyeweza kuuzuia.

"Mama, una neno?" ofisa aliuliza.

Angeweza kutikisa kichwa. Mnara ungesimama nyuma ya ukuta ule, na heshima ya mkwe ingebaki nzima. Aliinuka kwa shida, sketi imenasa kwenye msumari wa dawati.

"Baba," alimwambia mkwe, si ofisa. "Sitaki. Nilikuheshimu nikanyamaza, nikakupotosha. Mtoto wako anakaa dawati lile. Sitaki chuma hicho nyuma yake."

Mkwe aliinamisha kichwa. "Ungeniambia, mama."

"Ningekuambia."

"Nimeshatia sahihi."

Hapo mhandisi akaomba kusema. Mkataba, alieleza, ni wa kiwanja, si wa pembe. Mnara unaweza kwenda mwisho wa pili.

"Huko hakuna shule," alisema.

"Huko ni kwa mama," mkwe alisema.

Kila aliyewahi kupimiwa nguo barazani alijua ua wa michongoma ulipo. Mwalimu mkuu alisema labda wapange kikao kingine. Aliposikia neno kikao, fundi alifumba macho kidogo.

"Lori litapitaje?" aliuliza.

"Itabidi tukate ua," mhandisi alijibu.

"Kateni."

Nje, akina mama walimshika mikono, wengine wakamkumbatia. Aliwashukuru, akawaambia wanaodai sketi waje kesho. Mkwe alimngoja mlangoni.

"Mama, sikutaka iwe hivi."

"Najua, baba. Jumapili mnakuja?"

"Tunakuja."

Wachimbaji wa msingi wa mnara walitangulia. Siku ambayo michongoma ilikatwa, vumbi lilijaa kwenye vitambaa vyeupe, na fundi akawaomba wachimbaji hao hao wamsaidie kuingiza cherehani ndani, chumba cha nyuma, ambako hata mwanga wa mchana ni hafifu na tundu la sindano hulitafuta kwa kidole.

Jumapili mkwe alifika. Alisalimu, lakini hakukaa. Alitazama shimo, akamtazama mama mkwe wake.

"Mama, wanataka kujua jenereta walikalishe wapi."

Fundi alitoka naye hadi ukingoni mwa shimo, akaweka mkono kiunoni.

"Mbali na dirisha hili la chumba cha kulala," alisema. "Na siku wakikaidi, baba, nitakuja kwako kukugongea mlango."

"Gonga, mama."

Ndani, binti alitazama baraza lililojaa vumbi, akauliza chai aiweke wapi.