Wanafunzi Wangu Walipita, Boti Ikazima Ziwani

Kosa ni langu, msimtafute mwingine. Mimi ni mkufunzi wa injini za boti katika chuo kimoja cha ufundi huku Uriri, na kwa miaka mingi sikuwahi kuchafua mkono. Nilisoma maelezo, wanafunzi wakaandika, wakakariri, wakapita. Sote tulikuwa na furaha.

Kisha serikali ikaleta mfumo mpya wa umilisi. Mtihani wa karatasi ukafutwa. Mwanafunzi afungue injini mbele ya mtathmini kutoka nje ya chuo, aitengeneze mpaka iwake. Na sisi wakufunzi turudi gereji tukanolewe upya. Mimi, na digrii yangu, nikatumwe spana na fundi wa Kendu Bay? Nilicheka mpaka chai ikanipalia.

"Hii mambo itapita tu, kama zile zingine," nikawaambia wenzangu.

Gereji sikuenda. Lakini mtathmini alikuwa njiani, na kazi ya kuandaa injini niliachiwa mimi. Nikatia plagi mbovu, nikawafundisha wanafunzi kubadilisha plagi, basi. Siku yenyewe, kila mmoja akimaliza, narudisha ile mbovu. Wakapita wote. Mkuu wa chuo akanisifu mbele ya watu, nami nikatabasamu kama bwana harusi.

Mwaka uliofuata, kaka ya mama mkwe wangu alifariki kisiwani. Kwetu Wajaluo mtu hasongamani na mama mkwe, lakini boti za Muhuru Bay hazijui mila. Tulibanana. Aliyeendesha aligeuka akanisalimia kwa furaha: Ouma, mwanafunzi wangu.

Katikati ya ziwa injini ikazima. Ouma akabadilisha plagi. Ikakataa. Akatia nyingine. Upepo ukaanza kutusukuma upande wa Tanzania, na abiria wakaanza kuomba, kila mtu na dhehebu lake.

"Wewe kijana, nani alikufundisha kazi?" mama mkwe akauliza.

Ouma akanitazama, na mama mkwe akayafuata macho yake.

"Kumbe ni wewe, Baba Achieng'? Basi tengeneza."

Nilifungua kifuniko nikachungulia kama mtu anayechungulia shimo la choo. Sikujua hata mafuta yanapitia wapi.

"Mama," nikasema, "mimi hii kitu sijui."

Wavuvi wa omena walituvuta hadi kisiwani jua likitua. Mazishi yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe hakupata hata kutupia udongo kaburi la kaka yake wa pekee. Hakunitukana. Aliketi kando ya kaburi akanipa mgongo, na mpaka leo akipiga simu nyumbani anasalimia watoto tu.

Mwenye boti alimfukuza Ouma. Hapo ndipo nilipoenda kwa mkuu wa chuo nikasema yote. Kundi lile lote litatathminiwa upya, na mimi nimeondolewa darasani. Asubuhi niko gereji naosha vipuri kwa petroli, mafundi wananiita profesa.

Ouma amerudi chuoni kuanza upya. Nilimwomba radhi, nikamwambia naweza kumsaidia jioni.

"Asante, mwalimu," akanijibu kwa adabu. "Lakini wacha kwanza nifundishwe."

Mkufunzi mwenzangu, haya mageuzi yana kasoro zake, zilalamikie utakavyo. Lakini kama kazi unayofundisha huijui, sema sasa, ungali nchi kavu.