Kiti cha Betri cha Nadhira

Katika nyumba ya Mzee Barakat pale Kisauni, wageni walionyeshwa kila kitu isipokuwa binti. Walionyeshwa mlango wa nakshi, saa kubwa ya ukutani na sahani za Kichina zilizopangwa rafuni, hata mbuzi waliofugwa uani. Nadhira hakuonyeshwa. Alishikwa na homa akiwa mtoto wa miaka minane, na homa ilipoondoka iliondoka na nguvu za miguu yake yote miwili. Tangu hapo akawekwa chumba cha nyuma, na mtu akiuliza watoto wa Barakat, alitajiwa Faraj peke yake.

Si kwamba walimtesa. Walimlisha, walimvika, wakamletea mwalimu akahifadhi Kurani yote. Kasuku naye hufundishwa kusema, akabaki tunduni. Aliyemhesabu kuwa mtu ni Mwanarehema, mtumishi wa nyumba, mzaliwa wa Likoni. Huyo ndiye aliyembeba mgongoni kwenda chooni na uani, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mgongo wake mwenyewe ukapinda. Mama mzazi alikwisha kufa zamani, kwa hiyo Nadhira alimwita Mwanarehema mama, na hakuna aliyemkataza.

Mzee Barakat alikuwa akichungulia mlangoni, akiuliza hali, kisha akienda zake msikitini. Ikafika siku akateleza bafuni, akavunjika nyonga. Alilala miezi akitazama dari na kuita watu waliochelewa kuja. Hapo ndipo akili ilipomjia, uzeeni, kwa kuchelewa kupita kiasi. Alipoweza kusimama kwa mkongojo aliagiza Uingereza kiti cha magurudumu kinachokwenda kwa betri. Mwaka 1959 kikateremshwa Kilindini ndani ya sanduku la mbao, na majirani walipoliona likiingizwa nyumbani walidhani ni friji.

Aliyeitwa kukiunga ni Absalom, mtu wa bara aliyekuwa fundi wa betri za malori huko Changamwe. Mzee aliketi kati yao kwa ajili ya heshima, Nadhira akiwa amejifunika buibui, na somo likaanza.

"Bi Nadhira, betri ziko mbili, hapa chini ya kiti," Absalom alisema. "Usingoje zife kabisa ndiyo uchaji. Ukirudi matembezini, chaji. Kila wiki fungua hivi vizibo uangalie maji. Yakipungua, ongeza haya ya kununua, maji ya betri. Ya kisima usiweke hata tone. Kisima cha huku kina chumvi, chumvi inaua betri."

"Na nikisha kuunga waya?"

"Fungua madirisha. Betri ikichajiwa inapumua, na hiyo pumzi yake inashika moto. Sigara hapana, jiko hapana, taa ya mafuta hapana. Ukimaliza, zima kwanza ukutani, halafu ndiyo utoe waya. Cheche moja inatosha."

"Yatosha kwa lipi?" aliuliza Nadhira.

Absalom akapandisha mkono wa shati. Ngozi kutoka kiwiko mpaka begani ilikuwa imekunjamana na kung'aa. Mzee Barakat akatazama pembeni.

Nadhira alishika kila neno. Kiti kilichajiwa baraza ya nyuma, penye upepo. Alipangusa vichwa vya betri kwa maji ya magadi, akavikausha, akavipaka grisi, na kitambaa kilichogusa asidi hakukitumia kwa kitu kingine. Siku moja tu hakuchaji kamwe, nayo ni Alhamisi. Alasiri ya Alhamisi nyumba nzima ilifukizwa udi kwa ajili ya usiku wa Ijumaa, na chetezo chenye makaa kilipitishwa kila chumba. Mwanarehema aliijua kanuni hiyo, akaizoea.

Halafu Nadhira akatoka. Alikwenda barabarani, akaenda dukani akachagua khanga yake mwenyewe, akabishana bei kwa mara ya kwanza maishani mwake. Watoto walimkimbilia wakipiga kelele, "Gari la kiwete! Gari la kiwete!" Hakujali hata kidogo. Alikuwa na furaha ambayo ilimjaa mwili mzima, na akirudi alikuwa akicheka peke yake.

Aliyekosa raha ni Zubeida, mke wa Faraj. Zubeida aliolewa bila kuambiwa kwamba mna kiwete ndani, akamgundua siku ya tatu ya fungate alipokosea mlango. Alijiona ametapeliwa, na kweli alitapeliwa. Ila hasira yake hakuipeleka kwa waliomtapeli. Aliipeleka chumba cha nyuma. Sasa alikuwa na mabinti wawili, na kila Nadhira alipotoka, yeye aliona posa za wanawe zikitoka naye.

Mzee Barakat alifariki mwaka 1961. Matanga hayajaisha vizuri, Zubeida akamwambia mumewe kwamba waya za umeme barazani zatia nyumba aibu. Faraj alikuwa mtu wa kukubali lolote linalomwacha alale. Akahamishia kiti stoo, chumba kidogo kilichopakana na cha Nadhira, chenye kidirisha kimoja kilichopigwa misumari kwa hofu ya wezi.

"Kaka, hapa hapafai," Nadhira alisema. "Betri zahitaji hewa. Zapumua."

"Zapumua!" Zubeida aliangua kicheko. "Na kuswali zaswali? Wifi, hicho ni chuma."

Nadhira alisema tena kesho yake, na wiki iliyofuata. Kila aliposema, Zubeida aliwasimulia wageni, nao wakacheka. Mwishowe akanyamaza, akawa anachaji mlango wa stoo ukiwa wazi.

Siku moja kiti kikamfia barabarani, juani, mbele ya maduka. Alikaa hapo mpaka jasho likawa linachuruzika ndani ya buibui lake, vijana wakimwuliza kama gari limeisha petroli. Mwanarehema alikuja kumbeba mgongoni, mwanamke mzima juu ya bibi kizee aliyepinda, watu wakitazama. Absalom alipofungua vizibo alitikisa kichwa, akauliza kuhusu maji. Nadhira akachukua kopo la maji ya betri, akatia tone ulimini. Ilikuwa chumvi tupu. Ni kisima cha uani.

"Wifi, nani aliyegusa kopo langu?"

"Lilikuwa limepungua, nikakujazia," Zubeida alijibu, macho makavu. "Maji ni maji, kwani vipi?"

Absalom alimwaga, akasuuza, akatia asidi mpya, lakini betri moja haikurudi hali yake. Tangu siku hiyo zilihitaji kuchajiwa muda mrefu, nazo zilichemka sana na kutoa harufu kali. Nadhira alikuwa hajawahi kumchukia mtu. Sasa alimchukia Zubeida asubuhi na jioni, akala na kulala na chuki hiyo.

Katikati ya mwaka 1962, mwalimu wa chuo cha Kurani cha wasichana alitaka msaidizi. Alimsikia Nadhira akisoma kwenye maulidi, akamwambia, "Ukiweza kufika mwenyewe kila siku, nafasi ni yako. Njoo Ijumaa asubuhi, watoto wakiwa mapumzikoni, nikuonyeshe kazi." Kufika mwenyewe ndilo lililokuwa sharti, maana chuo hakikuwa na mtu wa kumbeba. Nadhira hakumwambia yeyote nyumbani, kwa kuogopa kopo jingine la maji ya kisima. Betri zilikuwa karibu kufa, na siku ilikuwa Alhamisi.

Adhuhuri, nyumba ikiwa imelala, aliingiza kiti stoo, akafungua vizibo, akaunga waya, akafunga mlango ili Zubeida asione. Kisha akashuka sakafuni akajikokota kwa mikono mpaka chumbani kwake. Alinuia kuzima kabla ya alasiri. Alijilaza kidogo, usingizi ukampitia.

Alizinduliwa na harufu ya udi. Ulikuwa tayari ukumbini. Akasikia mtalawanda, vile viatu vya mti alivyovaa Zubeida peke yake katika nyumba ile, ko, ko, ko, vikija polepole, vikisimama kila mlango. Vilipita mlango wake. Vikasimama penye stoo.

Alikuwa na nafasi ya kupiga kelele. Hili lisifichwe. Alifungua mdomo, na neno "moto" lilikuwa ulimini. Akaikumbuka ile chumvi. Akakumbuka vicheko vya wageni, na lile jua la barabarani. Akajua vizuri kabisa kitakachotokea, kwa maana aliuona mkono wa Absalom, na akautaka uso wa Zubeida uwe vile. Akafumba mdomo. Akasikia kitasa kikigeuzwa.

Mshindo ulitikisa ukuta. Kisha ukaja ukelele, na ukelele ule haukuwa wa Zubeida.

Zubeida siku hiyo kichwa kilikuwa kinamgonga, akamtuma Mwanarehema afukize badala yake. Ua ulikuwa umemwagwa maji, na Mwanarehema akatia miguu kwenye mtalawanda wa Zubeida ili asiteleze. Aliingia stoo bila hofu. Ilikuwa Alhamisi, na Alhamisi Nadhira hachaji.

Nadhira alijikokota hadi mlangoni akipaza sauti, "Maji! Mmwagieni maji mengi! Machoni, msiache!" Lakini watu walikuwa wakimpangusa mzee wa watu kwa nguo, wakisoma dua, na hakuna aliyemsikiliza, kama walivyozoea.

Macho yote mawili ya Mwanarehema yalikwenda. Alipotoka hospitali, Faraj alimrudisha Likoni kwa mpwa wake, na gunia la mchele. Kiti kiliuzwa kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu. Chuoni akachukuliwa msichana mwenye miguu. Zubeida alipona kichwa siku ileile, na mpaka leo husimulia jinsi Mungu alivyomwokoa. Nchi ilikuwa ikihesabu miezi ya kupata uhuru, na Nadhira akarudi chumba cha nyuma.

Aliomba kupelekwa Likoni karibu mwaka mzima. Faraj alikubali Idi ya mwaka 1963, akamvusha kwa feri garini, akambeba mpaka ndani, akamweka juu ya mkeka karibu na Mwanarehema, akatoka kuvuta sigara.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu." Mwanarehema alinyosha mikono hewani mpaka akampata. Uso wake haukutazamika. "Nimekungoja. Kuna jambo moja lanisumbua. Watu wa hapa waniambia, mbona yule mtoto hakukuita, naye alikuwa chumba cha pili? Nikawajibu, amelala yule. Angalikuwa macho angaliniita. Si kweli?"

Nadhira alimtazama. Alikuja na maneno yote tayari, ameyasema kitandani mara nyingi, akiomba apewe nafasi ya kuyatamka.

"Nilikuwa nimelala, mama," alisema.

"Nilijua." Bibi kizee alishusha pumzi, uso ule ukalegea kwa faraja. Akapapasa mkeka mpaka akaifikia miguu ya Nadhira, akaivutia mapajani pake. "Imekuwa migumu. Hakuna anayekukanda huko?"

"Hakuna."

"Basi tulia nikukande," akasema Mwanarehema, akaanza na nyayo. Nadhira akatulia, akakandwa mpaka Faraj alipokuja kumchukua.