Goti Lililoombewa Husby

Mimi ni mchezaji wa kulipwa wa mpira wa kikapu, au nilikuwa. Nimezaliwa London na wazazi Wakongo, nimecheza nchi sita, na katika nchi zote hizo aliyewahi kuvaa jezi yenye jina langu mgongoni, mbali na mimi, ni mama yangu. Kule Uingereza waliniita "yule Mkongo mrefu". Hapa Stockholm mtangazaji wa ukumbini alipaza sauti, "Mwingerezaaa!", na watazamaji, ambao wengi wao walikuwa wazazi waliosubiri tuondoke ili watoto wao waingie mazoezini, wakanipigia makofi ya adabu. Ilibidi nifike Uswidi ndipo niwe Mwingereza.

Msimu ule nilikaa Husby, mtaa wa pembeni mwa Stockholm, kwa mama mdogo, mdogo wake mama, ambaye anahudumia wazee majumbani. Kwake sikuwa staa hata kidogo. Nilikuwa mtu wa kubadilisha balbu bila ngazi.

Goti langu la kulia lilikuwa limekwisha. Kila baada ya mazoezi lilivimba, nami nikalificha kwa suruali ya kubana na kwa uongo. Mwezi huo klabu ilikuwa inaamua kama itaniongezea mkataba wa mwaka mmoja, na kwa miaka yangu thelathini na minne hakuna klabu nyingine iliyopiga simu. Wakala wangu alisema soko limetulia. Soko wapi! Mimi ndiye niliyetulia. Nilikuwa na hofu, nasema kweli, kwa sababu sijawahi kufanya kazi nyingine maishani hata kwa siku moja.

Mama mdogo alinifumania jikoni nimejiwekea gotini pakiti ya sombe, yaani kisamvu, iliyoganda.

"Ee! Sombe yangu!" Kisha akaliona goti. "Mungu wangu. Hili ni goti ao ni papai?"

"Mama mdogo, nakuomba, usimwambie mtu."

"Mimi? Nimwambie nani?"

Kanisani kwetu, kutomwambia mtu maana yake ni kuwaambia wote kwa mpigo, kwa kipaza sauti. Jumapili, ulipofika wakati wa kuwaombea wenye shida, alikuwa wa kwanza kusimama. Nikaitwa mbele. Mchungaji hakukifikia kichwa changu, akaniambia nipige magoti. Nikasema siwezi. Kanisa zima likaguna kwa huruma. Basi wakaliwekea goti mikono, mikono mingi kweli, ukatangazwa mfungo wa siku tatu, na picha ya goti langu ikaingia kwenye kundi la simu la kanisa. Niliwaka ndani kwa ndani, lakini utamgombeza vipi mtu anayeshinda njaa kwa ajili yako?

Miongoni mwa waliofunga alikuwemo dada mmoja Mrundi anayesafisha ukumbi wetu wa mazoezi. Jumanne alikutana na kocha kwenye korido. Akaegemeza mopu ukutani, akamsihi kwa Kiswidi chake safi asimkimbize sana mtoto wao, maana kanisa zima linafunga kwa ajili ya goti lake. Alidhani ananitetea, maskini.

Kocha aliniita ofisini. Alikuwa mpole, upole ule wa Waswidi wanapokuchinja. Akaniomba nichuchumae mara moja tu. Nilifika nusu, nikashika meza. Siku iliyofuata daktari wa klabu alilipiga goti picha, akasema nikiacha mchezo sasa hivi litapona, nami nitatembea vizuri hadi uzeeni. Klabu ikanishukuru kwa mchango wangu. Ikaletwa keki ya kijani, ile ya sherehe za Waswidi, tukanywa kahawa, na kila mtu akaniuliza kama nimewahi kwenda kuteleza kwenye theluji.

Nilirudi Husby nimevimba kuliko goti lenyewe.

"Mama mdogo, umeniharibia maisha! Mkataba umekwenda!"

Alikuwa anakata vitunguu. Akaweka kisu chini.

"Mkataba gani?"

Nikamweleza yote: kwamba nilikuwa nasubiri uamuzi wa klabu, kwamba hakuna mwingine anayenitaka, kwamba sijui nitakuwa nani bila mpira. Mtu mzima wa mita mbili, nikalia pale mezani. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akajifuta mikono.

"Tulifunga siku tatu ili goti lipone," akasema, "na daktari anasema litapona. Huo mkataba tungeuombeaje, mwanangu? Hukutuambia."