Kitanda cha marehemu nilichokigawa kabla ya arobaini

Admin, jina langu lifiche vizuri, maana Nachingwea hapa mtu anatambulika hata kwa kanga aliyovaa. Mimi ni mama wa miaka arobaini na tatu, nina mume na watoto watatu. Nilichoka kuona watu wanabeba viti na magodoro kwenda kutupa dampo wakati kuna wenzao wanalalia mkeka. Nikawaambia majirani, kitu usichokitaka lete barazani kwangu, mwenye shida nacho achukue bure. Huu mwaka wa pili. Kilichovunjika mguu, mume wangu anakigongelea misumari.

Miezi miwili haijatimia, jirani yangu alifiwa na mumewe. Wao Waislamu, sisi Wakristo, lakini msiba ule nilipika mwanzo mwisho. Baada ya wiki mbili akaniletea kitanda cha mninga, akasema akikiona hapati usingizi, nimpe mwenye shida. Nikamuuliza kama mambo ya msiba yameisha. Akasema tanga lilishaanuliwa. Nami kichwa maji nikaridhika! Huku kwetu nani asiyejua kwamba vitu vya marehemu havitoki mpaka arobaini, ndugu wakae wagawane? Nilijua, sema sikufikiri. Kosa hilo ni langu.

Kitanda nikampa binti mmoja wa Nambambo, mjamzito wa miezi minane, analala chini na mumewe.

Arobaini ikafika. Dada wa marehemu akaja kutoka Ruangwa, akauliza kitanda cha kaka yake kiko wapi. Jirani yangu akanigeukia mbele ya watu wote: "Nilimpa aniwekee tu. Sikumwambia agawe."

Jamani! Yule dada akaniita mwizi wa marehemu. Nikaahidi kununua kingine, akakataa, anataka hichohicho alicholalia kaka yake. Kinachoniuma, kingetupwa dampo asingeuliza mtu. Kimemfaa maskini, ndiyo kimekuwa urithi! Mwenyekiti wa mtaa naye kasema kitanda kirudi kabla ya Ijumaa kuisha, la sivyo nisipokee tena kitu cha mtu barazani.

Jana nikaenda Nambambo. Nimemkuta binti kajifungua, mtoto ana siku nne. Sijamaliza hata kueleza, akamwinua mtoto, akaanza kukunja shuka.

"Chukua tu mama," akasema. "Mimi chini nimeshazoea."

Nikamwambia alale. Nikatoka nje nikalia, na bodaboda ananisubiri.

Ijumaa yenyewe ni kesho. Mume wangu anasema nikichukue yaishe, nisije nikamharibia jina. Mimi nina hasira na jirani yangu, nina hasira na huyo dada, na zaidi nina hasira na nafsi yangu. Ninyi mlio mbali na ugomvi huu, nielekezeni: nimteremshe mzazi wa siku nne, au nikubali kuitwa mwizi na baraza langu life?