Namba niliyosema haigawanyiki

Jamani, leo nimeumbuka mbele ya darasa zima, na bado siamini!

Asubuhi hapa shuleni Temeke nimeandika ubaoni 1,000,000,001. Nikawaambia wanafunzi kwa kujiamini kabisa: hii haigawanyiki kwa namba yoyote ndogo.

(Nilikuwa nimejaribu mbili, tatu na tano tu. Msinicheke.)

Mara akaingia Mzee Salum, baba yake Zaituni, mwanafunzi wangu. Kaja kumtoa shule akaolewe. Akamshika mkono, wakaondoka.

Walipofika mlangoni binti akageuka.

"Mwalimu, saba inaigawa."

Nikacheka. Nikashika chaki nimwonyeshe kosa lake.

Ikatoka 142,857,143. Hakuna baki!

Nikarudia. Vilevile!

Nikaiweka chaki chini.

Mzee Salum, asiyejua kusoma, akauliza, "Kwani kuna nini, Mwalimu?"

"Binti yako yuko sahihi, mzee. Mie nimekosea."

"Wewe uliyesomeshwa na Waingereza?"

"Mie huyu huyu."

Akautazama ubao weee. Kisha akamwachia binti mkono.

"Kakae. Hao wakwe nitawajibu mwenyewe."

Walimu wenzangu, nyie mngesema nini? Mie nilimkabidhi Zaituni chaki.