Nyumba Aliyokuja Nayo Ebla

Hebu mwone Ebla akiingia Garissa. Anatangulia na kamba mkononi, na mgongoni mwa ngamia nyuma yake imo nyumba nzima: fito zilizopindwa, mikeka, ngozi mbili. Ametembea siku saba kutoka upande wa Sangailu, mjane aliyemaliza eda juzi tu.

Mwanawe Abdihafid, mtu wa ofisi, alikuwa amemwandalia chumba chenye marumaru, kitanda kikubwa, feni na televisheni. Ebla akavizungukia vyote kwa adabu, akabonyeza godoro.

"Chumba kizuri, mwanangu. Sasa nionyeshe pa kusimamisha nyumba yangu."

"Hooyo! Watu watasema mama yangu namlaza uani na mbuzi."

"Mbuzi hawajawahi kunisengenya. Hao watu wako je?"

Abdihafid akacheka, akashindwa. Mama akapata kona nyuma ya jiko. Mikeka ile aliisuka na mama yake kabla ya kuolewa, maana kwao nyumba ni ya mwanamke, mume hukaribishwa. Humo alizaa saba, akazika wanne. Alikuwa na msala, birika na kibuyu cha maziwa. Ukimuuliza anapungukiwa na nini, alikuwa akifikiri kwelikweli, ndipo aseme, "Mvua."

Basi ikaja siku ya wageni wakubwa wa Abdihafid. Ebla akapelekwa kliniki kupimwa presha. Aliporudi, uani palikuwa peupe. Fito zimefungwa, mikeka imekunjwa stoo. Abdihafid alisimamia mwenyewe usichanike hata mmoja, akidhani hiyo ndiyo heshima.

Kumbe kwa mama yake, nyumba ya mwanamke huvunjwa kwa mikono yake mwenyewe. Wengine huivunja akishazikwa. Abdihafid alilelewa bwenini, hilo hakuambiwa na mtu.

Ebla akasimama palipokuwa na mlango.

"Abdihafid, nimekufa lini?"

Hakungoja jibu. Aliingia chumbani, na tangu siku hiyo hulala sakafuni, kando ya kile kitanda. Hagombi. Haombi kitu.

Juma lililopita Abdihafid alitoa mizigo stoo, akavua shati la ofisi, akaanza kuisimamisha nyumba. Fito zikamwangukia mara tatu. Hajui upi unatangulia.

"Hooyo, njoo unionyeshe. Tafadhali."

Ebla alikuwa dirishani, akimtazama. Hakutoka.

Ungekuwa wewe, ndugu yangu, ungemwita tena?